Mtoto anakula, anamwaga: uchafu wa kuachia na uchafu wa kufukuza mu kreshi

Saa sita ya mchana ikifika, kazi ya mama mlezi wa kreshi inabadilika. Mtoto mmoja ameshika bukari kwa vidole vyote na anaipakaza kwenye meza. Mwingine amegeuza kikombe, maji yako chini. Wa tatu ametia sombe kwenye nywele za jirani yake. Mama mlezi ni mmoja, watoto ni kumi, na ile nguo nyeupe ambayo mzazi aliifua jana imekuwa ya kijani.

Mu kreshi na mu nyumba nyingi, jibu ni moja: mkubwa anachukua kijiko, anashika mikono ya mtoto na kumlisha mbio mbio, ili pasiwe na uchafu. Ni rahisi kumwelewa. Lakini kwenye eneo la migodi kama Mutoshi, kando ya mji wa Kolwezi, kuna uchafu wa namna mbili, na haifai kuuchanganya. Uchafu wa chakula unatoka kwenye sahani na kwenda kwenye mikono na mashavu ya mtoto. Huo hauna hatari, njo masomo yake. Uchafu wa vumbi la mgodi na wa maji mabaya unatoka kwenye mikono na kuingia kwenye sahani. Huo njo wa kuogopa. Anayepigana na ule wa kwanza na kusahau wa pili anachoka bure.

Mutoshi, mahali ambapo wamama wanatoka mapema

Mutoshi ni mgodi wa zamani wa shaba na kobalti. Wakati wa Wabelgiji uliitwa Ruwe. Baadaye ukawa wa Gécamines, kisha ukaingia mikononi mwa kampuni ya Chemaf. Tangu mwaka 2018 hadi mwanzoni mwa 2020 palikuwa na mradi wa kuweka uchimbaji wa kienyeji kwenye utaratibu, ambao Chemaf iliuendesha pamoja na kampuni ya Trafigura, shirika la Pact na koperative ya wachimbaji COMIAKOL. Eneo lilizungushiwa uzio, na wamama pia waliruhusiwa kuingia na kufanya kazi. Mradi ulisimama mwaka 2020, wakati wa Covid-19.

Kazi ya wamama kwenye migodi ya Kolwezi inajulikana: kuosha mawe, kuyachagua, kubeba mizigo, kuuza chakula kwa wachimbaji. Sheria ya migodi ya 2002, iliyorekebishwa Machi 2018, inasema kwamba karta ya mchimbaji wa kienyeji ni ya mtu mzima peke yake. Mtoto hana nafasi mu mgodi, wala mgongoni mwa mama yake. Basi mama akitoka asubuhi, mtoto anabaki na kambo, na dada yake mkubwa, na jirani, ao mu kreshi. Elimu ya bure iliyoanza Septemba 2019 ni ya shule za msingi za serikali. Kreshi haimo. Kwa mtoto wa chini ya miaka mitatu, mlezi ni yule ambaye familia imempata na inaweza kumlipa.

Kwa hiyo mambo yanayosemwa hapa hayamhusu mlezi wa kreshi peke yake. Yanamhusu pia kambo mwenye wajukuu wanne ndani ya lupango, na dada wa miaka kumi na miwili aliyeachiwa mdogo wake.

Juu ya nini mtoto anamwaga?

Mtoto mdogo hamwagi kwa kiburi. Mikono yake inajifunza kazi mpya, na kila umri una kazi yake.

Kwenye miezi sita hivi anaanza kukaa, na ulimi wake bado unasukuma chakula nje. Uji ukirudi kwenye kidevu, hiyo si kukataa. Kwenye miezi tisa ao kumi anaanza kushika kitu kidogo kwa kidole gumba na kidole cha shahada. Hapo anataka kuokota chakula mwenyewe. Karibu na mwaka mmoja anajaribu kikombe. Kati ya mwaka mmoja na mwaka na nusu anataka kijiko, lakini mkono unageuka njiani na chakula kinaanguka. Akifikisha miaka miwili na kuendelea, kumwaga kunapungua kidogo kidogo, ikiwa aliachiwa nafasi ya kujaribu.

Kutupa chakula chini ni somo pia. Mtoto anaachia kijiko, kinapiga kelele, mkubwa anakimbia kukiokota. Anarudia aone kama itakuwa vile tena. Mkubwa akipiga kelele ao akicheka sana, mchezo unakuwa mtamu zaidi.

Hata kupakaza kuna maana. Chakula kipya, mtoto anakijua kwanza kwa vidole, kisha kwa pua, mwisho kwa kinywa. Mara nyingi anahitaji kuonyeshwa chakula kile kile mara nane, kumi ao zaidi mbele ya kukikubali. Mama anayesema «hapendi lengalenga» baada ya siku mbili ameacha mapema.

Vumbi: uchafu ambao hauonekani kwenye shavu

Mwaka 2018, watafiti wa Chuo Kikuu cha Lubumbashi na wa KU Leuven ya Ubelgiji walitoa mu gazeti la sayansi Nature Sustainability utafiti walioufanya mu Kasulo. Ni kartie ya Kolwezi ambayo, kuanzia 2014, watu walichimba kobalti ndani ya lupango na hata chini ya nyumba zao. Walipima vumbi la nyumbani, damu na mikojo ya wakaaji. Watoto wa Kasulo walikuwa na kobalti mu mikojo mara kumi kuliko watoto wa mahali pengine pasipo na mgodi.

Sababu si ngumu kuielewa. Mtoto anatambaa chini, anashika kila kitu, kisha anatia mkono mu kinywa. Mtu mzima anavuta vumbi kwa pua, lakini mtoto analila pia. Kasulo si Mutoshi, lakini mawe ni ya namna moja, na vumbi halijui mpaka wa kartie. Linakuja na upepo, na mizigo inayopita barabarani, na viatu na nguo za baba na mama wanaotoka kazini.

Njo sababu mikono ya mtoto inawekwa mbele ya yote. Mikono ikiwa safi, anaweza kupakaza bukari mpaka kwenye masikio, hakuna hasara. Mikono ikiwa na vumbi, hata akila polepole na kwa adabu, anakula sumu kidogo kidogo.

Mbele ya chakula: dakika kumi zenye faida

Kunawa kwa maji yanayotiririka. Beseni moja kwa watoto kumi linasafisha wa kwanza na kuchafua wa mwisho. Bidoni iliyotobolewa tundu dogo na kufungwa kwenye mti inatosha: maji yanatoka kidogo, mtoto ananawa, maji yanaanguka chini. Sabuni ikikosekana, majivu safi ya makala yanasaidia. Kucha zikatwe kila juma, sababu vumbi linajificha pale.

Kupangusa, si kufagia. Kufagia pakavu saa ya chakula kunainua vumbi na kulitia kwenye sufuria. Nyumba ipanguswe kwa kitambaa chenye maji, ao maji yanyunyizwe kwanza. Chakula kifunikwe mpaka dakika ya kugawa.

Mkeka wa kula. Plastiki nene ya kuosha itandikwe mahali pa kula, na isitumiwe kwa kazi nyingine. Viatu visiikanyage. Hivyo kipande kinachoanguka juu yake kinaweza kuokotwa. Kilichoanguka kwenye udongo kisirudi mu kinywa, hata kama kimeanguka sasa hivi.

Nguo ya kula. Tisheti ya zamani ya mtu mzima, ikikatwa mikono, inamfunika mtoto vizuri. Wakati wa joto, mtoto anaweza kula bila nguo ya juu: ngozi ni rahisi kuosha kuliko shati.

Maji ya kunywa. Kuchemsha ao kutia dawa ya klori kunaua vijidudu, na Lualaba inaijua kipindupindu. Lakini moto hauondoi madini. Maji ya kisima kilicho karibu na mahali wanapoosha mawe yasitumiwe kwa watoto, hata yakichemshwa. Yatafutwe maji ya bomba ao ya chanzo kingine.

Wakati wa kula

Watoto wakae chini ao kwenye kiti kifupi, mgongo wima, miguu ikiwa na mahali pa kukanyaga. Hakuna kula huku mtu anatembea, analala ao anakimbia. Kula kwa namna hiyo kunaleta kupaliwa.

Kila mtoto apate sahani yake. Sahani ya pamoja ni desturi nzuri ya familia, lakini kwa wadogo ina ubaya: mwenye mkono wa haraka anashiba, mpole anabaki na njaa, na hakuna anayejua nani amekula nini.

Chakula kitolewe kidogo kidogo. Hapa wamama wengi wanaumia, sababu unga unanunuliwa kwa franka na mtoto anautupa. Wana haki. Dawa yake si kumnyima mtoto mikono. Dawa ni kumpa vidonge viwili vya bukari na kijiko kimoja cha mboga, kisha kuongeza akimaliza. Akitupa, ametupa vidonge viwili, hakutupa sahani nzima. Maji vilevile: vidole viwili ndani ya kikombe vinatosha, akimwaga hakuna ziwa.

Vijiko viwili vinafanya kazi kuliko kimoja. Mtoto anashika chake, mlezi anashika chake. Mtoto anajaribu, anakosa, anajaribu tena, na katikati mlezi anamtilia. Hivyo anajifunza na tumbo linajaa.

Mtoto akianza kutupa kila kitu, mara nyingi ameshiba ao amechoka. Mlezi aseme kwa sauti ya kawaida: «Umeshiba? Sawa, tunatosha sahani. Bukari ni ya kula, haina ya kutupa.» Kisha sahani iondoke kweli. Asipige, asitukane, asicheke. Dakika ishirini ao thelathini zinatosha kwa mlo mmoja.

Kulazimisha ni hatari. Kufunga pua ya mtoto ili afungue kinywa, ao kumlaza na kumimina uji, kunaweza kupeleka chakula mu mapafu. Mlezi anachagua chakula na saa ya kula, mtoto anachagua atakula kiasi gani. Akikataa leo saa sita, atakula saa tisa.

Nini ndani ya sahani

Shirika la Afya Duniani linashauri maziwa ya mama peke yake mpaka miezi sita, kisha chakula pamoja na maziwa mpaka miaka miwili na zaidi. Mtoto wa miezi sita hadi nane ale mara mbili ao tatu kwa siku. Kuanzia miezi tisa, mara tatu ao nne, pamoja na kitu kidogo katikati.

Bukari peke yake inajaza tumbo, haijengi mwili. Iende na sombe iliyotwangwa na unga wa karanga, maharagi yaliyopondwa, yai, ao ndakala zilizosagwa. Tone la mafuta mekundu ya ngazi linaongeza nguvu na vitamini A. Uji wa masoso, yaani mahindi, mtama na soya, ni mzuri kuliko uji wa mahindi na sukari. Uji mzito unaoshika kwenye kijiko unalisha kuliko ule wa maji, na tena haumwagiki sana.

Vitu vinavyoziba koo visitolewe kwa wadogo: karanga nzima, vipande vya muwa, mahindi ya kuchoma, nyama ngumu, samaki mwenye mifupa. Mtoto akipaliwa na bado anakohoa kwa nguvu, aachwe akohoe. Akishindwa kukohoa, kulia ao kupumua, mlezi amwinamishe kichwa chini na kumpiga mara tano kati ya mabega kwa kiganja. Kitu kisipotoka, mwenye chini ya mwaka mmoja anasukumwa kifua mara tano. Mkubwa kidogo anashikwa kutoka nyuma na kusukumwa tumbo, juu ya kitovu, kuelekea ndani na juu, mara tano. Inarudiwa hivyo huku wengine wanatafuta msaada. Vidole visiingizwe mu koo kukitafuta kitu kisichoonekana.

Baada ya kula

Mikono kwanza, kisha uso, kwa kitambaa ambacho hakigusi sakafu. Kitambaa cha uso na kitambaa cha chini visiwe kimoja, na kila mtoto awe na chake, sababu macho mekundu yanaambukizana. Vitambaa vifuliwe na kuanikwa juani kila siku. Mtoto wa miaka miwili anaweza kupewa kitambaa chake apanguse meza. Hatapangusa vizuri, lakini anajua kwamba kula kunaishia na kusafisha.

Mabishano kwenye mlango

Saa kumi, mzazi anafika. Anaona doa la sombe kifuani na anauliza: «Mutoto yangu munamuchungaka namna gani?» Neno hilo linamuumiza mlezi, na walezi wengi wanaanza kulisha kwa nguvu kwa kuogopa neno hilo tu.

Jambo hili liongelewe siku ya kumwandikisha mtoto. Mzazi aambiwe: hapa watoto wanakula kwa mikono yao, leta nguo ya kula. Tena kila jioni mlezi aseme mambo matatu: amekula nini, amekula kiasi gani, amejifunza nini. «Leo ameshika kijiko yeye mwenyewe» ni habari inayofuta doa.

Mzazi naye ana sehemu yake. Nguo za mgodi zibaki nje ya chumba cha mtoto, zisifuliwe pamoja na nguo zake. Mama anaweza kuwa na hamu kubwa ya kumshika mtoto ao kumnyonyesha, lakini anawe kwanza mikono, uso na kifua, abadilishe nguo. Kuna wanaofika na vumbi la kutwa nzima na kumkumbatia mtoto ambaye kreshi imemwosha mara tatu.

Mtoto asiyemwaga kabisa

Mwisho kuna jambo ambalo usafi unaweza kulificha. Mbele ya watoto kumi wenye makelele, mlezi aliyechoka anamsifu yule mmoja anayekaa kimya, mikono kwenye mapaja, nguo safi, sahani haijaguswa. Huyo njo wa kuangalia kwa haraka. Mtoto mwenye afya anashika, anavuta, anamwaga. Mtoto ambaye hana hamu, hachezi na chakula, analia bila nguvu, anaweza kuwa mgonjwa ao na utapiamlo.

Uchunguzi wa kitaifa wa MICS wa 2017-2018 ulionyesha kwamba mu Kongo watoto 42 kwa 100 wenye chini ya miaka mitano wamedumaa, yaani urefu wao ni mdogo kuliko umri wao. Kudumaa hakuonekani siku moja. Kunakuja polepole, na miaka miwili ya kwanza njo inayokata maneno.

Mlezi anaweza kuangalia ishara hizi: miguu inavimba na kidole kikibonyeza kinaacha shimo, nywele zinabadilika rangi na kung'oka, uso unajaa huku mikono inakonda. Hiyo ni bwaki, haingojei kesho. Kituo cha afya na mareko wa kartie wana utepe wa kupima mkono wa mtoto wa miezi sita hadi miaka mitano. Chini ya sentimita 11,5 ni rangi nyekundu, mtoto aende kutibiwa siku ile ile. Kati ya 11,5 na 12,5 ni rangi ya njano, afuatiliwe. Kuanzia 12,5 ni kijani. Kupeleka watoto kwenye kilo kila mwezi ni kazi ambayo mzazi na kreshi wanaweza kugawana.

Kwa ufupi, mwisho wa mlo, mlezi asihesabu madoa. Ajiulize maswali matatu: mikono ilinawa kwa maji safi? Kila mmoja amekula? Kuna ambaye hakugusa sahani yake? Majibu yakiwa mazuri, bukari iliyobaki kwenye mkeka ni kazi ya kitambaa na maji, dakika tano tu.